Usukani wa Kushoto

Malibu ya sabini na tisa, rangi ya chai ya maziwa,
Baba aliinunua mnadani Chang'ombe
kwa mzungu aliyekuwa akifunga virago.
Usukani ulikuwa mkono wa kuke.
Mtaa mzima wa Keko ulikuja kulitazama
kana kwamba gari limezaliwa limetanguliza miguu.

Fundi Chanzi alifungua boneti, akanyamaza.
Pistoni sita, tatu kwa tatu, zimeegemea huku na huku,
na pembeni ya injini nafasi ambayo, alisema,
mtu angeweza kupanga chumba.
Kisha akatoa spana namba kumi na tatu.
Ikacheza.
Nati ilikuwa ya nusu inchi. Tofauti ni unywele,
lakini unywele huo, ukikaza kwa hasira,
unakula pembe za nati hadi inabaki kokwa.
"Karibu-sawa," alituambia sisi watoto, "ndiyo inayoharibu vitu."
Akaenda Gerezani kuchongesha spana za inchi,
saba, akazifunga kwenye kipande cha kanga ya mkewe.

Huko walikolisanifu waliwaza abiria wenye nafasi zao.
Walichimba mlango wa nyuma kwa ndani, viwiko vipate makao,
kwa hiyo kioo kikakosa pa kushukia.
Wakakigandisha. Wakatuachia kijidirisha cha pembeni
kinachofunguka upana wa vidole viwili.
Kiyoyozi kingemaliza kazi iliyobaki.
Kiyoyozi kilikufa kabla hatujalijua gari.
Februari, saa saba mchana, sisi wanne kiti cha nyuma
tulipokezana vidole viwili vya upepo,
kila mtu mpaka mia,
na Zaituni akifika sabini alirudia sitini.

Mbele kiti kilikuwa kimoja, kirefu kama benchi la zahanati.
Mama alikaa kuumeni,
palipo na dereva kwenye magari yote ya dunia yetu.
Watu wa Buguruni walishangaa: mwanamke anaendesha
huku anamenya chungwa!
Naye aliwapungia, kisu mkononi.

Lakini kazi alikuwa nayo.
Ukishapita Gongo la Mboto, nyuma ya lori la saruji,
Baba haoni ila turubai.
Jicho la mbele lilikuwa la Mama.
"Mwamvita?"
"Bado."
"Mwamvita?"
"Bado, kuna basi. Haya. Nenda."
Na Baba alikwenda, hakuuliza mara ya pili.
Tani moja na nusu ya chuma,
watoto wanne na kreti ya soda,
vikatoka njia yetu vikaingia njia ya wengine
juu ya neno la mtu mwenye chungwa mdomoni.
Hata siku walizonuniana. Siku hizo
alisema "nenda" bila kugeuza shingo,
na Baba alikanyaga mafuta vilevile.

Mama alipoondoka, Shabani ya mwaka juzi,
Baba hakuuza gari. Aliacha tu kupita mtu.
Tulimwona nyuma ya mikokoteni,
nyuma ya bajaji iliyobeba magodoro,
honi zikimtukana hadi Ukonga.
Tukasema ni uzee, au kabureta.
Fundi Chanzi akafungua spana zake saba, akaangalia,
akafunga boneti taratibu.
"Gari zima. Limepungukiwa jicho."

Jumapili nilikaa mimi, kiti cha kulia.
Springi zimelala kwa umbo lisilo langu.
Baada ya Pugu Kajiungeni, lori la kokoto.
Baba akapunguza mwendo, vidole vikigonga usukani.
Hakuuliza.
Nikanyosha shingo nikaona kila kitu:
lami tupu, inameremeta, hadi kona ya mnadani,
na neno limenikwama kooni
kama nati iliyoliwa pembe.

"Bado," nikasema.
Hapakuwa na gari hata moja.
"Bado, Baba."
Na Baba, bila kuuliza mara ya pili, akabaki nyuma.